Leander Avaa Gauni Kwenda Kukagua Mashine ya Shemeji

Mume wangu, Leander Keeping, ni fundi wa mashine za kubadilisha hewa, na akikukuta dukani atakushika mkono akuulize kama madirisha yako yanatoka jasho. Usimjibu, utakesha hapo. Hapa Newfoundland ukungu wa bahari hauishi, na nyumba za siku hizi zimezibwa kila upenyo joto lisitoroke, basi pumzi za watu, mvuke wa sufuria na nguo mbichi vyote vinabaki ndani na kugeuka maji ukutani. Mashine hiyo hukaa chumba cha chini, ikitoa hewa chafu nje na kuingiza safi, na zikipishana, ile ya moto inayotoka huipasha ya baridi inayoingia. Leander akieleza hilo macho yanamng'aa. Mimi hanitazami hivyo tangu harusi.

Sasa fikiria mtu aseme hadharani kwamba mashine ya Leander ndiyo inayolowesha nyumba. Aliyesema ni shemeji yake, Absalom Pardy, aliyekuwa mume wa marehemu dada yake, Melvina. Alisema ukumbini, kwenye karamu ya wazima moto, watu wote wakisikia. Leander aliweka uma chini akaapa hataingia nyumba ile mpaka aombwe radhi mbele ya watu wale wale. Absalom naye kichwa kigumu. Miaka mitatu wakawa wanapishana barabarani, huyu anatazama bahari, yule anatazama mlima.

Mwaka jana, wiki chache kabla ya Krismasi, Nadine, mtoto pekee wa Absalom na Melvina, akarudi kutoka Alberta na mwanawe mchanga, Wyatt. Absalom alikuwa akiishi peke yake tangu Melvina afariki, na furaha aliyokuwa nayo sijapata kuiona. Lakini chumba cha mtoto kikaanza kulowa. Maji yalitiririka kwenye kioo, kuvu nyeusi ikapanda pembeni mwa dirisha, na mtoto akaanza kukohoa.

"Anti Dulcie," Nadine akaniambia, "chumba kisipokauka kabla Krismasi haijaisha, narudi Alberta. Baba nampenda, lakini kifua cha mtoto sikifanyii mchezo."

Nilimfikishia Leander vile vile nilivyoambiwa. Akasukuma sahani. "Mashine ile niliifunga kwa mikono yangu. Kuna kitu kinaikaba."

"Nenda basi ukaangalie."

"Niliapa, Dulcie."

"Haya, kaa na kiapo chako hapo. Mtoto akohoe."

Nilikuwa na hasira hata nikaosha vyombo visafi. Ndipo likanijia wazo. Kwetu, siku kumi na mbili za Krismasi, mpaka tarehe sita Januari, watu hufunika nyuso, wanaume huvaa za kike na wanawake za kiume, kisha huenda nyumba kwa nyumba kucheza. Huongea huku wakivuta pumzi ndani ili sauti isijulikane. Wenyeji hukisia, ukitajwa jina unafunua uso na kupewa kinywaji. Usipotajwa, wewe si mtu, ni kinyago tu. Na kinyago hakijaapa chochote.

Leander alinitazama kama nimemletea feni mpya.

Siku ya pili ya Krismasi, giza la jioni lilipoingia tu, tukatoka. Yeye alivaa gauni langu la kijani na mto tumboni, pazia la lesi usoni, na mikononi glavu za kuepulia sufuria. Mimi nilivaa ovaroli lake na foronya kichwani. Absalom alitufungulia mlango akicheka. Nadine alikuwa kwenye kiti na mtoto mapajani, na madirisha ya jikoni nyuma yake yalikuwa yanachuruzika.

Leander alicheza hatua mbili tatu, kisha akacheza moja kwa moja mpaka bafuni. Akavua glavu, akachana kipande cha karatasi ya chooni, akakiweka kwenye tundu la hewa darini. Tundu lile linatakiwa kuvuta karatasi ikanata. Karatasi ikaanguka sakafuni.

Nami moyo ukaanguka nayo, kwa sababu nyingine. Kidole cha shahada cha Leander ni nusu. Feni ilikichukua zamani, na hakuna mtu ghuba nzima asiyekijua. Absalom alikuwa amesimama mlangoni akikitazama.

"Wewe," akasema taratibu, "ni mke wa mchungaji."

Nilijiuma ulimi nisicheke. Leander akatikisa pazia, la, akateremka chumba cha chini. Absalom akafuata na tochi, mimi nyuma yao. Leander akafungua mashine. Chujio safi. Feni inazunguka. Akamimina maji kwenye mpira wa kutolea maji, yakapita bila shida.

"Basi wewe ni Cluney wa posta," Absalom akasema.

"La," Leander akavuta pumzi.

"Mjane Tizzard, umekuja kutafuta mume."

"La."

Kila akitaja jina la uongo, Absalom alisogeza tochi karibu ili Leander aone vizuri. Ndipo nikaelewa. Akimtaja, Leander itabidi afunue uso, na akifunua uso atakumbuka kiapo chake na kuondoka. Mzee yule alikuwa anamwomba abaki kwa njia pekee aliyoijua.

Mara Leander akajipiga paji la uso. Akapanda ngazi mbio, gauni amelishika mkononi, akatoka nje kwenye theluji. Tukamfuata.

Absalom alikuwa amezungushia nyumba matawi ya msonobari kuanzia chini, kama baba yake na babu yake walivyofanya kila mwaka, upepo usipenye chini ya sakafu. Safari hii matawi yalifika madirishani. Leander akazamisha mikono, akavuta. Nyuma ya matawi ilikuwepo midomo miwili ya mashine, wa kuvutia hewa na wa kutolea, yote imezibwa kabisa na majani na theluji iliyoganda.

Absalom alishusha tochi. "Nilirundika zaidi kwa ajili ya mtoto," akasema. "Nilitaka asipigwe na baridi."

Hakuna aliyecheza tena. Tukayang'oa matawi sote watatu, tukiyatupa huku na huku kama vichaa, hata ule mdomo wa kutolea ukapumua. Wingu jeupe, zito, likampiga Leander usoni, pazia likapepea. Niliruka mpaka theluji ikajaa kwenye buti.

Tukarudi bafuni. Leander akaweka karatasi kwenye tundu. Ikanata. Nadine, aliyekuja na mtoto begani, akaigusa kwa kidole, ikabaki pale pale, akaanza kucheka huku anafuta machozi.

Absalom akavua kofia. "Leander Keeping. Nimekutaja."

Leander akafunua uso.

"Nilisema mbele ya watu kuwa mashine yako inalowesha nyumba, kumbe kila majira ya baridi mwenye kuiziba kwa matawi ni mimi, na safari hii nimezidisha. Jumapili nitasimama ukumbini niseme hivyo."

Miaka mitatu Leander alikuwa akiandaa jibu la siku hiyo. Nimemsikia akilitamka bafuni kwetu, na nusu yake haifai masikioni mwa mtoto. Akafungua mdomo. "Melvina angekucheka," akasema.

"Angenichapa," Absalom akajibu, na wakaenda jikoni kunywa ramu.

Siku ya mwisho ya Krismasi, asubuhi, simu ikalia. Ni Absalom. Kioo cha chumba cha mtoto kikavu, akasema, na Wyatt amelala vizuri bila kikohozi.

"Na Nadine anasemaje?"

"Ameniuliza kama bado nakihitaji chumba cha kushonea cha Melvina. Anataka kiwe chake."

"Ukamjibu nini?"

"Sijamjibu, Dulcie. Sauti imegoma kutoka. Njoo umwambie wewe."

Nilivaa koti nikaenda kumwambia chumba ni chake.