Nyumba ya Mikayi

Gakenia alizaliwa nyuma ya soko la Kibuye, kwa wazazi waliohama Murang'a kuja Kisumu kuuza mitumba. Shule ya sanaa hakuisoma. Alianza kwa kidole kwenye simu iliyopasuka kioo, akichora ziwa huku mama yake akibishana na wateja, na kufikia miaka thelathini alikuwa na tableti, kalamu yake, na watu waliomwita msanii bila kucheka. Mimi, Ivy, ndimi niliyemchapia picha zote katika duka langu la uchapishaji. Nampenda kama dada, na bado nina hasira naye.

Kilichompa jina ni maboma yaliyozama. Ziwa lilipofura mwaka wa 2020 lilimeza nyumba nyingi ufuoni, na watu wakaanza kumjia: tuchoree kwetu palivyokuwa. Alikaa nao, akauliza, akasikiliza, ndipo akachora. Watu wazima walilia dukani kwangu, nami nikajifanya natengeneza mashine.

Mama Milka alitokea Obunga, alikopanga chumba kimoja baada ya boma lao la Usenge kwenda na maji. Alikuwa mjane, mgonjwa wa moyo. Alieleza kila kitu: lango, ghala, nyumba yake yeye mikayi, yaani mke wa kwanza, ikiwa katikati ikilitazama lango, na nyumba ya mke mwenza kando. Alitaka picha aitundike ukutani aione kabla hajafa. Hilo hakulificha.

Picha ilitoka nzuri mno, na ubaya ulianzia hapo. Nyumba ya katikati ilikuwa inaziba ziwa, basi Gakenia akaisogeza pembeni ili jua limwagike majini. Mtu mwenye asili ya Murang'a angejuaje mila za huku ziwani, utaniuliza. Lakini aliambiwa! Nilikuwepo.

Mama Milka alipokuja kuichukua, aliishika akaielekeza kwenye mwanga wa mlango.

"Hii ni boma ya nani?"

"Ni yako, Mama."

"Yangu nilikaa katikati. Hapa umeniweka kama mtu alikuja baadaye. Miaka arobaini na tatu, nyathina, mtoto wangu, hakuna mtu alinisukuma kando. Sasa ni wewe."

Hakupaza sauti. Gakenia aliomba msamaha, akaahidi kuirekebisha wiki hiyo hiyo. Na kwenye tableti si kazi: kila kitu kimechorwa peke yake, unahamisha nyumba bila kugusa mti. Ila picha hiyo ilikuwa imekubaliwa kwenye maonyesho Nairobi, na waandaaji waliitaka vile vile ilivyo. Nikamwambia atengeneze nyingine ya mama wa watu.

"Nitafanya, Ivy. Wacha presha."

Picha ikasifiwa. Gakenia akahojiwa redioni, akaalikwa huku na huku, akawa mtu wa kutafutwa. Mama Milka alimpigia simu mara mbili, akaambiwa kesho. Mara ya tatu aliyepiga alikuwa mwanawe, Robinson, naye hakuwa anaulizia picha.

Alikuja dukani tumchapie bango la mazishi. Mamake angezikwa kwenye shamba la shemejiye, maana boma lake mwenyewe lilikuwa chini ya maji. Alitaka boma hilo lionekane nyuma ya uso wa mamake.

"Lakini nyumba ya Mama ikae mahali yake," akasema.

Gakenia aliwasha tableti pale pale kaunta. Aliivuta nyumba mpaka katikati, akaitazamisha na lango, akapunguza jua, akaziba pengo kwa majani. Chai niliyommiminia Robinson ilikuwa bado inatoa mvuke.

Robinson aliinama, akatazama.

"Ni hiyo tu?" akauliza. "Ilikuwa tu kusongesha hivyo?"

Gakenia alijibu ndiyo. Kisha akaketi sakafuni katikati ya karatasi zangu, akalia kwa sauti, na mimi sikumwinua.