Theluji Iliponguruma Nilicheka

Naitwa Suleiman. Nakaa Mabela, hapa Maskati, nina miaka arubaini na mmoja na vidole saba vya miguu. Naanza na vidole kwa sababu watu huviangalia hivyo kwanza nikivua viatu msikitini, kisha hujifanya hawakuona. Msione haya, niulizeni. Mimi nilikaa miezi mingi bila ya kumuuliza mtu mmoja jambo moja, na kunyamaza huko nusura kunimalize zaidi ya baridi yenyewe.

Zamani nilikuwa mtu wa mchanga. Kila Ijumaa baada ya sala nilipakia gari, nikaenda jangwani Sharqiya, nikapunguza upepo kwenye matairi na kuyapanda matuta mpaka magharibi. Nilijua mchanga upi ni mgumu na upi utameza tairi. Nilijua pia kwamba ukikuta alama za gari lililopita kabla yako, fuata hizo hizo, utafika. Mara nyingine ukiteremka tuta refu, mchanga hunguruma chini yako, sauti nzito inayoingia mpaka kifuani. Watoto wangu hucheka, na mimi nilikuwa nikicheka nao. Mchanga ukinguruma huteremka kidogo, ukakusanyika miguuni, basi.

Dada yangu mdogo, Zuwena, ni mwalimu wa kemia na anakaa na mama yetu kule Ansab. Yeye ndiye aliyeanza mambo ya ski, zile mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji. Nikamfuata. Mwaka ule ulikuwa wa tatu kwetu kwenda Georgia, na nilishajiona bingwa. Kwenye kijiji cha ski kulikuwa na somo la nusu siku kwa wanaotaka kutoka nje ya eneo lililowekewa mipaka, somo la maporomoko ya theluji. Zuwena akaenda kusoma. Mimi nikabaki hotelini nakunywa chai.

Alirudi na vitu vya kukodi: beleshi, kijiti kirefu cha kuchomea theluji, na vidude viwili vya kufunga kifuani. Kidude kimoja kikifukiwa, kingine hukisikia na kumwonyesha mwenzako pa kuchimba. Nilimtania nikamuuliza kama anakwenda kuchimba kisima. Hakucheka.

"Mama kanambia nikurejeshe mzima," alisema. "Vaa, usinisumbue."

Nikavaa ili anyamaze. Kesho yake asubuhi tulifika kwenye kamba ya mpaka, yenye vibendera vyekundu. Ng'ambo ya kamba mlima ulikuwa safi, haujaguswa, isipokuwa alama za watu wawili waliopita kabla yetu. Kwangu mimi zile alama zilitosha. Nikainama, nikapita chini ya kamba. Zuwena akanifuata hatua mbili, na hapo theluji ikanguruma. Ilikuwa sauti ile ile ninayoijua, nzito, mpaka kifuani.

Zuwena alisimama palepale. "Kaka, turudi. Hii ndo sauti alotwambia mwalimu."

Nikacheka. "Huu mchanga tu, Zuwena. Umevaa kanzu nyeupe."

Nikamwambia kama anaogopa arudi kwenye kamba, anipige video nikiteremka, tuitume kwenye kundi la familia mama aone. Akatoa simu yake. Nikateremka.

Sikumaliza hata kona ya pili. Mlima ulipasuka juu yangu kwa mstari mmoja, kama sahani, na vipande vyote vikaanza kutembea pamoja nami. Nilisikia paja langu la kulia likivunjika kabla sijasikia maumivu. Kiatu cha kushoto kilichomoka. Nilizungushwa, nikafungua kinywa kupiga kelele, kinywa kikajaa. Halafu kila kitu kikasimama, na theluji ikawa ngumu kama saruji papo hapo.

Ndugu zangu, mchanga ukikufunika unaweza kutikisa kidole. Hapa sikuweza kutikisa hata ukope. Mkono mmoja ulikuwa mbele ya uso, na kati yake na pua palikuwa na nafasi ya ngumi moja. Hiyo ndiyo hewa niliyokuwa nayo. Mate yalinitoka yakatiririka kuelekea shavu moja, ndipo nikajua nimelala ubavu. Nilijikojolea. Ule mkojo ulikuwa wa moto, na nasema kweli, kwa muda kidogo nilifurahi kuwa na kitu cha moto.

Nilimsikia Zuwena. Aliyefukiwa husikia ya juu, wa juu hasikii ya chini. Nilisikia akiniita, nikasikia hatua zake zikija, zikafika juu ya kifua changu kabisa. Nikapiga kelele mpaka koo likachanika. Hatua zikasimama, kisha zikaondoka, zikapotea kabisa. Nilianza kusoma shahada kichwani, nikaisoma vibaya, nikaanza tena. Nikamwona mama amekaa barazani Ansab na simu mkononi anangoja video. Nilijua nakufa, na nilijua dada yangu ameniacha. Hewa ikawa nzito, kisha sikujua kitu.

Kilichoniamsha ni kijiti kunichoma begani, halafu beleshi, halafu vidole vya Zuwena kinywani mwangu, vinakokoa theluji kama anavyosafishwa mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Pumzi ya kwanza iliniuma kuliko paja. Nilimwambia apige simu tuletewe msaada, yangu niliiacha hotelini. Akanambia simu imepotea. Alivua koti lake akafunga mguu wangu usio na kiatu, akanilalia juu, akawa anapuliza filimbi. Watu walipotufikia, jua lilikuwa limeshahamia upande wa pili wa mlima.

Hospitalini kule walinitia chuma kwenye paja. Nimonia ilinishika, nikatema makohozi yenye damu. Vidole vitatu vya mguu wa kushoto vikawa vyeusi, vikavimba, vikaanza kunuka, na nilikuwa nikigeuza uso nisivione. Daktari alisema polepole ili nifahamu, "Kama msaada ungeitwa mapema, pengine tungeviokoa." Zuwena alikuwa pembeni ya kitanda. Alitazama chini. Nami nikaweka moyoni: aliniacha, na simu akaipoteza.

Nilirudishwa Maskati kwenye nyumba ya mama kwa sababu kwangu kuna ngazi. Kama mliona wagonjwa wanaorudi nyumbani wakashukuru, mimi sikuwa hao. Upepo wa kiyoyozi ukinigusa uso nilipiga kelele, kwa hiyo nilikaa bila kiyoyozi katika joto la Juni, godoro limelowa jasho. Shuka sikuliacha lipite kifuani. Mama, na magoti yake yale, aliniogesha na kunibadilishia nguo kama mtoto. Hata sala ilinishinda. Nilisali kwenye kiti, na mguu ulipopona kidogo nikajaribu kusujudu. Paji la uso lilipogusa msala na pua ikazibika, theluji ilirudi yote. Nilijitupa chini nikihema. Baada ya hapo niliacha hata kujaribu.

Siku moja mama alikuwa ananibembeleza nile. Nikamwambia bora ningebaki kule kule chini. Zuwena alikuwa mlangoni na bakuli la supu, kasikia. Nikamgeukia yeye, na yote niliyoyaficha yakatoka.

"Ulifika juu yangu ukaondoka," nilimwambia. "Nilikusikia."

Aliweka bakuli chini.

"Wallahi sikujua kama uko pale," alisema. "Kidude kilikuwa kinanambia huku, mara kinanambia kule. Nkakumbuka mwalimu kasema simu isikae karibu nacho, inakivuruga. Na simu nliitia mfuko wa kifuani, pale nlipokwisha kukupiga ile video. Nkasimama nayo mkononi. Nipige watu waje, ama niitupe nikutafute? Nkajua watu hawakukuti hai. Nkairusha mbali kwa nguvu zangu zote, na kidude kikatulia, kikanileta kwako."

Mama alikuwa ameshika ukingo wa kitanda. Nikamuuliza Zuwena kwa nini hakunambia miezi yote ile.

"Hukuniuliza," alisema. "Na vidole vyako nimevitupa mimi, kaka. Kila nkifumba macho nnaviona."

Nililia mbele ya mama na dada yangu, mtu mzima mwenye ndevu, mpaka supu ikapoa. Simu ilikuwa kifuani kwake kwa sababu mimi nilitaka video. Kidude nilichokitania ndicho kilichoniita, na mtu niliyemcheka ndiye aliyechimba. Nikamwomba radhi. Zuwena alikaa kitandani, akaniwekea mkono kifuani, mahali pale pale aliposimama siku ile bila ya kujua.

Sikupona siku hiyo. Lakini kuanzia hapo nililala. Zuwena alikuwa akija chumbani kwangu baada ya kazi, anakaa ubavuni kwangu nikisujudu, ananihesabia sujudu moja, mbili, na kunishika bega nikianza kuhema. Ilichukua wiki nyingi kumaliza rakaa nne bila ya kunyanyuka kwa hofu. Alhamdulillah, sasa nasali msikitini pamoja na wenzangu, na natembea kwa fimbo.

Mnaosafiri kutoka hapa kwenda kwenye theluji, nawaomba mnisikilize. Ukumbi wa theluji wa madukani hapa Mabela haukufundishi mlima, na mchanga haukufundishi theluji. Kalieni lile somo. Usivuke kamba kwa kuwa umeona alama za mtu. Alama zinakwambia alipita, hazikwambii kama mlima utakupitisha na wewe. Vaa kidude, na simu ikae mbali nacho. Na mwenzako akikwambia turudi, rudi, hata kama ni mdogo wako, hata kama hajui kukueleza kwa nini. Wenye maumivu kama yangu nyumbani, waulizeni watu wenu lile mnaloliogopa kuliuliza.

Mwezi uliopita Zuwena alituendesha Sharqiya, mimi, mama na watoto wangu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza tangu siku ile. Tulipanda tuta refu kwa miguu, polepole, fimbo yangu ikizama. Tulipoanza kuteremka mchanga ukanguruma. Watoto wakacheka, wakataka kukimbia. Mimi nilisimama, nikaikita fimbo mchangani.

"Turudi," nilisema.

Zuwena aliwashika watoto mikono akageuka nao palepale. Hakunambia kwamba huu ni mchanga tu.