Washa Mbili Nyuma ya Springi

Asubuhi ile naikumbuka mpaka harufu ya oili yake, mwanangu. Ilikuwa Julai, baridi ya hapa Meru ya kufanya spana isishikike, nami nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, fundi kwenye gereji ya Mzee M'Ikiara, najiona najua injini kuliko waliozitengeneza. Usicheke. Wewe nimekuona jana na simu mkononi, unatazama video ya mtu akiongeza nguvu ya pampu ya oili, na unatikisa kichwa kama mtu aliyekubali. Ndiyo maana nimekuita. Kaa hapo.

Murithi tulisoma naye shule moja. Alikuwa dereva wa pikapu ya miraa, anapakia Kangeta, anashuka nayo Nairobi, na unajua miraa ikilala imekwisha. Siku hizo taa ya oili ilikuwa ikimwakia njiani, akawa na wasiwasi. Mzee M'Ikiara akaleta pampu mpya. Akaniambia niifungue niikague, lakini nisiifunge kwenye injini mpaka arudi, kwa sababu alikuwa anakwenda mazishi Kiirua.

Mzee alikuwa na desturi yake. Pampu, hata iwe imetoka kwenye boksi sasa hivi, anaifungua mezani, anaiosha, anapima nafasi kati ya gia na kifuniko. Halafu anamwita mwenye gari, anampa kijiti, anamwambia asukume vali ndogo iliyo ubavuni, ile inayofunguka oili ikizidi nguvu. Vali iingie, springi iirudishe, mwenye gari ajionee mwenyewe. Sisi vijana tulimcheka sana. Tulisema mzee anacheza na vijiti.

Basi Murithi akafika saa mbili, akasema Kangeta wameshaanza kufunga mafurushi. Nikataka kumfurahisha. Nilikuwa nimesikia mafundi wa sokoni wakisema ukitia washa, kile kipete bapa cha chuma, nyuma ya springi ya ile vali, springi inakazana na nguvu ya oili inapanda. Wao walitia moja nyembamba. Mimi, mjuaji, nikatia mbili nene. Sikupima, sikusukuma chochote, nikafunga pampu na kuwasha. Sindano ya geji ikapanda mahali ambapo haikuwahi kufika. Murithi akanipiga begani, akaniita daktari, nami nikavimba kichwa. Akaondoka.

Mzee aliporudi mchana nikamsimulia kwa maringo. Hakucheka. Aliniuliza kama Murithi alisukuma vali, nikamjibu hapakuwa na haja, geji ilikuwa juu kabisa. Akaenda kwenye karai, akatoa pampu kuukuu ya Murithi, akaitia washa mbili kama zangu, akanipa kijiti.

"Sukuma," akasema.

Nikasukuma. Haikwenda. Nikasukuma kwa nguvu zangu zote, kijiti kikavunjika mkononi. Springi ilikuwa imebanwa hadi haina pa kwenda, na vali isingefunguka hata kidogo. Mzee akanieleza polepole, bila kupandisha sauti: dereva wa miraa haendi taratibu, na oili ikikosa mlango itapasua mpira wa filta, itamwagika yote barabarani, injini itanoki, yaani itakauka na kukwama, gari likiwa mbioni. Kisha akaketi. Sikuwa nimewahi kumwona akiketi saa za kazi.

Enzi hizo hatukuwa na simu mfukoni. Nilitoka mbio hadi barabarani, nikasimama pale kama mjinga, kwa sababu hapakuwa na gari la kumfikia Murithi. Saa kumi dereva wa lori kutoka Embu alisimama gerejini. Akatuambia pikapu ilibingirika kwenye mteremko karibu na Runyenjes. Injini ilikwama ghafla, magurudumu ya nyuma yakafunga. Murithi alikuwa hai, wamempeleka hospitali.

Kesho yake asubuhi tulikwenda Embu, mimi na Mzee. Mguu wa kulia wa Murithi ulikuwa umekatwa juu ya goti. Nililitazama shuka lililolala bapa pale ambapo mguu ulipaswa kuwa, nikasahau hata kumsalimia. Ndugu zake walikuwa wamezunguka kitanda wananikazia macho. Murithi ndiye aliyenitetea. Aliwaambia waniache, fundi wake hana kosa, pampu ilikuwa nzuri, geji aliiona kwa macho yake.

Mzee alikuwa amesimama mlangoni. Hakunisukuma wala hakunisaidia, alikuwa akiningoja tu.

Nikasema. Nilimwambia Murithi habari ya zile washa, na kwamba sikuijaribu vali, na kwamba nilifanya hivyo kwa ajili ya haraka yake.

"Hukuniuliza," akasema. "Ungeniambia hujaijaribu, ningengoja."

Halafu akageukia ukutani. Njia yote kutoka Meru nilikuwa nimejipa moyo kwamba mwenye haraka alikuwa yeye. Kumbe mwenye haraka nilikuwa mimi, nilitaka kuitwa daktari. Miaka mingi imepita, na Murithi ameshanisamehe, tunaketi benchi moja kanisani. Lakini neno lile halijanitoka.

Kwa hiyo nisikilize vizuri. Sikukatazi kubadilisha kitu. Pampu badilisha ukitaka, mimi mwenyewe nimebadilisha nyingi. Ila ifungue, ioshe, pima, hakikisha kila kinachopaswa kusogea kinasogea, kabla haijaingia kwenye injini ya mtu. Na lile ambalo hujalijaribu, mwambie mwenye gari kabla hajashika ufunguo. Mwambie hata kama atakuona hujui kazi. Miguu ni yake, yeye ndiye wa kuchagua kungoja au kwenda.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu. Akupe ulimi wa kusema "bado" mbele ya mtu mwenye haraka. Na kila utakayemfungia injini, afike kwake akitembea, akute chai na watu wake.