Khanga Iliyorudi na Shangazi

Sogea karibu, msikilizaji wangu, nikuonjeshe harufu ya iliki. Kiangazi kile fleti yetu ya Herndon, Virginia, huku Marekani, ilinukia maandazi tangu alfajiri, maana dada yangu Neema alikuwa anaolewa. Shangazi Tumaini, mfamasia aliyetulea tangu mama afariki, alikuwa akimwandalia kichenpati, ile sherehe ambayo wanawake humfunda bibi harusi. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Kazi hiyo aliifanya yeye, bila mume. Alinunua khanga ya kumtunza Neema, na jioni nilimsikia jikoni akiyajaribu polepole maneno atakayomwambia.

Siku ilipofika, katika ukumbi wa mji jirani wa Manassas, Mama Glory, mwenyekiti wa kamati, alitenga viti vya mbele kwa walioolewa tu. Shangazi aliposogea na khanga yake, Mama Glory alimshika mkono kwa upole. "Dada Tumaini, wewe mwenyewe hatujakufunda, utamfunda nani? Hebu tuangalizie pilau." Wanawake wakacheka. Shangazi naye akacheka, akaenda kwenye masufuria. Neema alikuwa amefunikwa kichwa, hakuona. Jirani yetu Bibi Helga, mzee wa Kijerumani tuliyemwalika, aliniuliza kulikoni. Nilipomweleza alisema kwamba zamani kwao mwalimu wa kike akiolewa alipoteza kazi, na asipoolewa alichekwa. Shangazi yake alichagua shule. Alifundisha watoto wa mji mzima, lakini kwenye sikukuu za ukoo aliketishwa meza ya watoto, na aliitwa binti mpaka mvi zikamjaa. "Siku hizi kwetu hakuna anayeuliza kama umeolewa," alisema. "Ila yeye hakuishi kuyaona hayo."

Khanga ilirudi nyumbani ikiwa bado mfukoni. Usiku Neema alimwomba shangazi amwambie aliyokuwa ameyaandaa. "Wenzangu wameshakufunda, mwanangu," alijibu. "Inatosha."

Shangazi alifariki mwaka juzi. Mwezi uliopita tulialikwa kichenpati mtaa wa Columbia Heights, Washington, na wa kwanza kupewa maiki alikuwa mwanasheria ambaye hajaolewa. Hakuna aliyegeuza shingo. Nilifurahi, kisha moyo ukaniuma. Neema, aliyeketi kando yangu, alininong'oneza, "Mpaka leo sijui angeniambia nini." Basi nawe, siku ukipanga viti vya kichenpati, uliza kwanza ni nani aliyemlea bibi harusi. Mwekee huyo kiti cha mbele, na umpe maiki kabla pilau haijapakuliwa.