Huruma ya Mkubwa

Nikingoja kwenye kaunta ya ofisi moja ya maji hapa Lodwar, nilimsikia mkubwa akigawa kazi. Atakayeongoza ukaguzi wa visima vya Lokitaung ndiye atakayekuwa naibu wake, na kila aliyekuwemo alilijua hilo. Afisa mmoja, mtoto mchanga mgongoni, alikuwa wa kwanza kuinua mkono.

“Ejok, mzee!” mkubwa alimsalimu mtoto kwa Kiturkana, akimfinya shavu. Kisha kwa mama: “Wewe tumekuhurumia. Una mtoto. Ataongoza huyu.” Akampiga bega mwanamume wa meza ya pili, aliyekuwa tayari anatabasamu.

“Mkubwa, huyu ndiye baba yake,” mama akasema.

“Si najua! Mbuzi wa harusi yenu nilimla mimi.”

Mama akafungua leso taratibu, akamweka mtoto mapajani mwa mumewe. “Basi mhurumieni na yeye.”

Tabasamu likayeyuka. Baba alimshika mwanawe kama ashikaye sufuria iliyotoka motoni. Mkubwa akakohoa, akatangaza kwamba uteuzi umeahirishwa.

Mtoto yule alikaa miezi mgongoni mwa mama na kazi ikaendelea. Alipokaa dakika moja mapajani mwa baba, ofisi nzima ilisimama.