Bibi Aliyeuliza Anakokaa Shija

Ripoti niliyoisaini inasema Shija alitoroka. Si kweli. Kilichotokea nilikishuhudia mwenyewe, mchana kweupe, na leo nakisimulia kama kilivyokuwa.

Kazi yangu ni kufuatilia wafungwa waliotoka kwa parole. Shija alifungwa kwa kumkata mapanga hadi kufa bibi mmoja wa kijiji kilicho mbele ya Samuye, eti mchawi, kwa kuwa macho yake yalikuwa mekundu. Nani kwetu asiyejua kuwa ni moshi wa kupikia kwa samadi? Alipotoka alivalishwa bangili ya mguuni inayonionyesha kwenye simu mahali alipo. Masharti yalikuwa mawili: asikanyage kijiji kile, na makazi yake mapya, Buseresere, yawe siri.

Siku hiyo saa sita simu ikalia. Alama ya Shija ilikuwa kijijini kule. Nikampigia.

"Afande, niko karashani nasaga mawe ya dhahabu! Usinirudishe ndani, mwanangu hata hajanizoea!"

Kweli, karasha nililisikia likinguruma. Nikapanda pikipiki nikahakikishe.

Alama ilinifikisha kijijini kule, kwenye gofu la nyumba. Bibi mmoja alikuwa anafagia uwanja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Uli ng'wana nani?"

Sisi Wasukuma, mkubwa akikuuliza unajibu: u mtoto wa nani, unatoka wapi, unamfuata nani. Nikajibu yote, hadi jina la Shija.

"Anakaa wapi siku hizi?"

"Buseresere, nyuma ya karasha." Niamini, mdomo ulitangulia akili.

"Si haba. Nilimwita yeye, ukaja wewe."

Akainua uso. Macho mekundu. Nikapepesa yangu mara moja tu. Ufagio ukawa chini, peke yake. Kwenye simu, alama ilikuwa inakimbilia magharibi, kuelekea Buseresere, kwa kasi isiyo ya basi wala gari lolote.

Nikampigia Shija. "Toka hapo! Kimbilia penye watu!"

"Afande nawe! Nimerudi chumbani kula tu. Ngoja, kuna bibi mlangoni, nimwamkie."

Nikasikia shikamoo yake. Marahaba sikuisikia.

Polisi hawakumkuta Shija; waliikuta bangili tu sakafuni chumbani kwake, imefungwa, haina hata mkwaruzo. Sasa imo kabatini kwangu, lakini alama yake iko kwenye uwanja ule, haisogei. Mkewe hunipigia kila Jumapili kuuliza kama mumewe ameonekana. Nimwambie nini?

Nawe, ukiulizwa mtu anakaa wapi, hata na mwenye mvi, amkia, kisha nyamaza. Watakuita huna adabu. Mimi wananiita hivyo kila siku.