Mawe Niliyoyasikia Ukutani

Kabla sijamwona Wei, niliusikia mngurumo wa chumbani kwake kupitia ukuta wangu. Kila alfajiri kitu kilisagwa. Mama Zuhura, mwenye nyumba wetu hapa Kibamba, aliniambia kijana huyo Mchina ametoka machimbo ya dhahabu ya Chunya. Basi mie, mwandishi mwenye njaa ya riwaya, nikajua: anasaga mawe ya dhahabu chumbani! Nikaandika sura tatu, kisha nikamnong'oneza Mama Zuhura. Akaapa kumfukuza siku hiyo hiyo, akamwita mjumbe wa mtaa.

Wei alitufungulia mwenyewe. Mezani palikuwa na mashine ndogo ya kusagia, ndoo ya soya iliyolowekwa, na vipande vyeupe mfano wa jibini.

"Shikamoo mama. Kule Chunya nilikuwa mpishi," alisema. "Dhahabu niliiona kwenye meno ya bosi tu."

Mjumbe alionja kipande, akacheka. "Sasa nani aliyeyaona hayo mawe?"

"Msomi wetu huyu," alisema Mama Zuhura.

Nikafungua daftari langu, kana kwamba mawe yamo humo.

"Wei, baba, wewe kaa," Mama Zuhura akasema, akijivutia kiti. "Mwandishi, nenda kaandike."

Nikatoka na sura zangu tatu. Wei, kwa adabu zote, akaufunga mlango nyuma yangu.